Filimu Iliyokwenda Bruseli kwa Miguu

Posta ya Gisenyi ilikuwa na madirisha mawili. La kwanza lilikuwa upande wa kivuli, la wazungu. La pili lilikuwa upande wa jua, la sisi wengine, na mara nyingi lilikuwa limefungwa, maana wakubwa waliona kwamba mtu akiwaka jua vya kutosha atarudi nyumbani mwenyewe na kazi itakuwa imekwisha. Faradji alilipenda sana hilo la pili. Hakuwahi kununua stempu hata moja, lakini kila asubuhi alikuja kusimama karibu nalo, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa upande, kama daktari anayepita kuangalia wagonjwa wake. Mtu aliyekataliwa dirishani, nusu yake imekwisha kuiva.

Siku hiyo, mwaka wa hamsini na tano, aliyeiva alikuwa Théoneste, seremala wa Rugerero. Mkononi alishika filimu moja ya kamera, ameifunga kitambaa kama yai.

"Laboratwari gani?" karani alimuuliza. "Usumbura, Nairobi, ao Bruseli? Adresi iko wapi?"

"Mi sijui, bwana. Ile inaosha muzuri."

Dirisha likafungwa.

Faradji akasogea, sauti imejaa huruma. "Pole, fundi. Kuchagua laboratwari si kama kuchagua viazi vya Kanama. Ni picha ya nani?"

Hapo ndipo Théoneste alipaswa kunyamaza. Lakini mtu mwenye huzuni akiulizwa vizuri, anafungua mlango wote. Kamera aliachiwa na mzungu mmoja wa kujenga barabara aliyemtengenezea kabati, kisha mzungu akahamishwa, kabati ikaondoka naye, kamera ikabaki ndiyo malipo. Picha ya maana aliyopiga ni moja tu, ya mkewe Épiphanie mbele ya mlango. Baadaye Épiphanie alishikwa na homa, na kwenye dispansari wakasema dawa imekwisha. Karatasi za kodi, hizo haziishagi. Sasa sura ya mama yule ilikuwa ndani ya filimu ile, na haikuwa mahali pengine popote duniani.

"Alikuwa anasema kitu, anacheka," Théoneste alieleza. "Mi sikusikia, nilikuwa nafikiri ile mashine. Na naogopa niliweka kidole mbele ya jicho ya kamera."

"Bon. Sikiliza." Faradji alishusha sauti. "Usumbura iko karibu, lakini wanaosha na maji ya kiboko. Sura inavimba. Nairobi ni ya Waingereza: we unacheka kwa filimu, unarudi umenuna. Bruseli..." Akavua kofia kidogo. "Bruseli wanaosha na maji ya teluji. Mi ndiye mutu wao hapa."

"Hata kidole wanaweza kutoa?"

"Kidole? Ndiyo kazi yao ya asubuhi, mbele ya kahawa."

"Mi sina pesa, Faradji. Nyumbani iko kitanda tu. Nilikifanya ya Épiphanie. Hakukilalia hata mara moja."

"Bruseli wanapenda sana kitanda," Faradji alisema, upesi mno. Kisha akakohoa. "Ni kusema, mi nitakipokea kwa jina lao. Ukilete Jumamosi, tutatuma."

Filimu ikaenda siku ile ile. Ilikwenda kwa miguu, mfukoni mwa kanzu, ikavuka mpaka Goma, nyuma ya duka la Mgiriki mmoja ambaye Faradji alikuwa anamuoshea chupa zamani. Mgiriki aliosha filimu za watalii bila kibao mlangoni. Kesho yake picha zilikuwa tayari. Ujanja wa Faradji ulianzia hapo sasa: alizirudisha nyumbani, akazitia kwenye bahasha zenye stempu za Ulaya alizookota kwenye takataka za hoteli, akazipiga lakiri nyekundu, akazilaza chini ya godoro lake wiki baada ya wiki. Maana kitu cha Ulaya kikija upesi, watu wanakidharau. Kikichelewa, wanakivulia kofia.

Na wateja hawakukosekana. Sushefu Mbarushimana mwenyewe, chifu mdogo wa eneo letu, alitoa mbuzi, mbuzi ambaye naye alikuwa wa mtu mwingine, ili Bruseli wamwongeze kimo kidogo kwenye picha.

Faradji alikosea jambo moja tu. Alimwambia seremala alete kitanda Jumamosi. Kwa fundi yeyote wa Gisenyi, Jumamosi maana yake ni Jumamosi fulani, Mungu akipenda, baada ya kumkumbusha na kumtukana. Nani angefikiri kwamba fundi atakuja mbele ya siku yake?

Théoneste alikuja Alhamisi. Alitaka filimu iruke haraka. Faradji alikuwa Goma, basi mwenye nyumba aliyopanga, Mukankusi, ndiye aliyefungua.

"Kitanda ya Jumamosi inafika Alhamisi?" alishangaa. "Fundi, we iko mugonjwa?"

Kitanda kile kilikuwa kipana, hakipiti mlangoni kikiwa kizima. Théoneste alikiingiza vipande vipande, akainua godoro la zamani ili apate nafasi ya kukiunga. Bahasha zikamtazama, zote na lakiri zao. Moja ilikuwa na jina lake.

Aliifungua. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Ni yeye?" Mukankusi aliuliza polepole.

"Ni yeye."

Aliitazama picha, kisha bahasha zote zilizobaki. Mwisho Théoneste akasema, "Mama, Bruseli iko hapa, chini ya godoro."

"Ala! Na mi nafagia humu kila siku, sijaombwa hata pasipoti!"

Seremala hakupiga kelele. Alitoa picha zote akazitia kwenye mfuko wa vyombo, akajaza bahasha na maranda ya mbao. Kuzifunga tena hakukumsumbua, gundi ni kazi yake. Kitanda akakiunga imara, akakiachia kabari moja ya siri, akarudisha bahasha chini ya godoro, akaenda. Faradji aliporudi, Mukankusi alimwapia kwamba godoro alilihamisha yeye mwenyewe, na bahasha zote zimekaa salama.

Jumapili baada ya misa, Faradji alitangaza kwamba ndege imefika. Watu wakajaa. Alisimama juu ya kreti ya bia, bahasha kifuani.

"Fundi, ya kwako bado iko Kartumu. Ndege yake ilivunjika bawa. Tena Bruseli wanauliza kama nyumbani iko meza pia."

"Meza iko," Théoneste alijibu. "Lakini fungua kwanza ya sushefu, tuone kazi yao."

Mbarushimana akasogea, tumbo mbele, akaivunja lakiri mwenyewe. Maranda yakamwagika juu ya viatu vyake.

"Faradji. Hii ni nini?"

Faradji alitazama chini. Hakuwahi kukosa neno, hata siku ile.

"Ni teluji, sushefu. Ilikauka njiani."

Sushefu akaokota moja, akainusa. "Teluji ya Bruseli inanuka mukaratusi?"

Wanawake wakaanza kucheka. Ndipo Théoneste akatoa picha ya Épiphanie mfukoni na kuiinua juu. "Kartumu iko kwa nyumba ya Mukankusi," akasema. "Mi nimetoka huko Alhamisi."

Faradji akaruka kutoka kwenye kreti. Angeenda moja kwa moja bandarini angekuwa na heshima zake, lakini alikipenda kitanda kile. Alikimbilia kwake, akakivuta mpaka mlangoni, kikakwama. Akakigeuza, kikakwama zaidi, kikaziba mlango wote, na watu walikuwa wamefika. Alitokea dirishani bila kofia, na jioni boti la Bukavu lilimchukua.

Hakuna aliyemkamata. Sushefu alikuwa amejisifu mpaka mbele ya wazungu wa wilaya kwamba picha yake iko Bruseli, angeshitaki nini? Wakubwa wanatufunga sisi kwa kuku, mwizi aliyewafanya wachekwe wanamwacha apite. Sushefu alipopewa picha yake na kuambiwa ilioshwa Goma, aliitazama kwa hasira. "Ndiyo sababu mi ni mufupi! Goma!" Filimu yake nyingine aliituma Bukavu, kwa ajenti mpya, wanasema ana maji ya teluji. Bado anangoja.

Théoneste yeye alirudi mlangoni kwa Mukankusi, akagonga ile kabari ya siri, kitanda kikaachana. Akakibeba mpaka Rugerero, akakiunga, akaweka picha upande wa kichwani.

Kidole kilikuwamo. Kilikula nusu ya picha, kinene kama mgomba. Kwenye nusu iliyobaki Épiphanie alikuwa anacheka, mdomo wazi, mkono umenyooka kuelekea kamera, anamwonyesha kitu. Théoneste alilala ubavu, akaangalia mkono ule, halafu mdomo ule, mpaka akasikia alichokuwa anasema siku ile.

"Toa kidole, weye! Kidole!"

"Nimesikia, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka peke yake. "Leo nimesikia."