Fomu Arobaini za Madhara ya Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu katangaza: kila kitengo kikusanye taarifa za wagonjwa waliodhuriwa na dawa. Atakayeleta nyingi ataiwakilisha hospitali kwenye mkutano mkuu. Mimi, mtoa dawa wa miaka tisa, nimeshajaza fomu moja tu. Muuguzi wa wodi ya wanawake tayari anazo kumi, na anatembea kama bibi harusi. Tutaona!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu imepatikana. Kila anayefika dirishani namuuliza kama hajasikia kizunguzungu. Akikataa, namuuliza tena. Hakuna binadamu anayekataa mara tatu. Shemeji alipita kunisalimia, akasema kichwa kinamuuma kwa maswali yangu. Fomu ya arobaini! Muuguzi yuko kumi na moja. Maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Muuguzi kapekua lundo langu, akauliza mbele ya watu shemeji anatumia dawa gani. Hatumii yoyote. Walicheka mpaka mfagizi akaegemea ukuta. Mganga mkuu kaamuru nimpigie simu kila mgonjwa, niandike jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti. Arobaini! Sikio linawaka moto.

Simu ya kumi na saba, mwalimu mstaafu. Sauti nzito, kama ana kitu mdomoni. Kasema midomo imevimba na koo linabana. “Mwanangu, juzi nilikwambia midomo inaniwasha, ukaniandika kizunguzungu.”

Aibu ilinishika, dakika nzima. Nikamwambia asimeze kidonge kingine, aletwe sasa hivi. Kafika kwa teksi, hawezi kumeza hata mate. Wamemchoma sindano, wamemlaza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemaliza simu, na safari hii nimeandika kila walichosema. Nilikuwa nabana fomu pamoja nipeleke, muuguzi akanizuia mkono. “Kaka, umezisoma hizi?” Kuzisoma? Katoa sita, kazipanga mezani. Dawa ileile ya presha, namba ileile ya toleo, midomo imevimba kwa wote.

Kufikia saa sita mchana vidonge hivyo vimeondolewa kwenye rafu zote, na hospitali jirani zimepigiwa simu. Wale wagonjwa watano wengine wameletwa, wote wazima. Mwalimu anapumua vizuri na kashaanza kusahihisha Kiswahili cha madaktari. Mganga mkuu kanishika mkono mbele ya wafanyakazi wote! Muuguzi kaninong’oneza kwamba siku nyingine nimwache mgonjwa amalize kusema. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimechaguliwa! Nitahutubia mkutano, na mada ni yangu: Sanaa ya Kumsikiliza Mgonjwa. Niko ukurasa wa tatu na maneno yanatiririka yenyewe. Kuna mzee anagonga dirisha tangu asubuhi, eti dawa ya jana imemtoa vipele mwili mzima. Nimemwambia asubiri. Hawa watu hawaoni mtu anaandika?