Vilengelenge vya Mwerezi

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa kitalu anastaafu mwisho wa mwezi. Hatimaye! Kila mtu anajua nafasi hiyo ni yangu. Kila mtu isipokuwa Mama Bosi, mwenye kitalu, ambaye leo ametuita mimi na shemeji akatugawia mbegu za mwerezi sawa kwa sawa. Atakayeotesha miche mingi ndiye msimamizi. Mashindano! Mimi nishindanishwe na shemeji! Mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia kazi hapa mwenyewe, niliyemfundisha hata kushika mpira wa maji. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Akanipa mkono, akasema tushindane kwa amani. Unafiki mtupu. Siku nitakayopokea amri kutoka kwake, bora nikauze mkaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimezichunguza mbegu. Zina mabawa, hilo nalijua. Lakini ganda limejaa vilengelenge, na ukibonyeza kimoja kinatoa utomvu unaonata. Uchafu! Kama si ugonjwa. Maji yatapitaje hapo? Shemeji ameketi anang'oa mabawa kwa ncha za vidole, mbegu moja moja, polepole, utadhani anamtoa mtoto mwiba. Eti vilengelenge visipasuke. Eti utomvu ukivuja unapenya ndani na mbegu haioti. Nani kamwambia? Anataka nipande uchafu ili anicheke. Kwangu amegonga mwamba.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimezitia mbegu kwenye gunia pamoja na mchanga mkavu, nikazikanyaga mpaka jasho likanitoka. Stoo nzima ilinukia kama duka la rangi. Kisha nikazipiga brashi. Ziling'aa! Nimepanda jioni huku shemeji akinitazama kwa huzuni. Wivu huo.

Nyumbani nikashika pazia, likang'ang'ania kiganja changu mpaka ndoano zikang'oka. Mke wangu akauliza kama siku hizi naotesha miti au natega ndege kwa ulimbo. Damu ni damu, yuko upande wa mdogo wake.

Jumapili, 23 Machi

Nimepita kitaluni kuchungulia. Trei ya shemeji imejaa kijani. Yangu ni udongo. Udongo mtupu! Hii ni hujuma. Nikahisi amenimwagia chumvi, nikaonja udongo kidogo. Hauna chumvi. Basi ni mjanja kuliko nilivyodhani. Ukaguzi wa Mama Bosi ni Ijumaa, na mimi siwezi kukaa nimekunja mikono nikidhulumiwa.

Ijumaa, 28 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Asubuhi nilisugua mbegu chache nilizobakiza, nimwonyeshe Mama Bosi kazi safi inavyofanywa. Kisha, kwa kuwa haki haijileti yenyewe, nikabadilisha kadi za majina kwenye trei. Yangu nikaichomeka penye miche. Ya shemeji ikakataa kunitoka mkononi. Nikaikung'uta. Wapi! Nikasikia viatu vya Mama Bosi na wafanyakazi wote nyuma yake, nikaficha mikono mgongoni.

Mama Bosi akasoma jina langu, akatazama miche, akanipongeza mbele ya watu. Mbele ya shemeji! Moyo ulinijaa. Nikainama kwa unyenyekevu ili nimwonyeshe mche ulionyooka kuliko yote. Nyuma yangu kikazuka kicheko. Kadi ya shemeji, jina lake kwa herufi kubwa, ilikuwa imeganda kwenye makalio ya suruali yangu.

Mama Bosi hakucheka. Aliuliza tu trei yangu ni ipi. Nikaonyesha kwa kidevu.

Jumatatu, 31 Machi

Shemeji amekalia kiti cha msimamizi. Chenye mto! Na funguo za stoo zinalia kiunoni mwake. Roho imeniuma kupita kiasi. Angenicheka ningejua la kufanya, lakini amefanya ubaya zaidi: alimwomba Mama Bosi asinifukuze. Mke wangu ameniambia nikamshukuru. Nimshukuru! Nimekula chakula changu nikiwa nimeuelekea ukuta.

Mchana shemeji akaniita. Nilikwenda, nikamwita mkuu. Akanipa mfuko mwingine wa mbegu za mwerezi, akanisihi, kwa upole wa kukera, nisizisugue kabisa. Ning'oe mabawa tu, nipande.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina na kosa nimelipata. Nilikanyaga nikiwa na viatu vya mpira. Laini mno! Utomvu mwingi ulibaki ndani ya vilengelenge, ndiyo maana mbegu zangu zilishindwa. Ajabu hakuna aliyeliona hilo, na watu wazima wote wale.

Nimeazima kinu na mchi kwa jirani. Mchi wenyewe ni mzito, wa mti mgumu. Safari hii kikisalia kilengelenge hata kimoja, waniite mjinga.