Kugombea Vidole vya Mjukuu

Jumamosi, 3 Mei
Daktari kasema moyo wangu umechoka. Basi naungama humu, wasije wakanisifu bure nikishaondoka: mimi, babu mzima, namwonea wivu bibi kizee. Ni mama wa mkwe wangu, amehamia hapa kutusaidia kulea mjukuu wetu wa miaka miwili. Humu namwita Bi Gundi, maana mtoto hambanduki. Leo alikoroga unga, maji na rangi za keki, akatandika magazeti sakafuni, nyumba nzima ikaketi chini kupaka kwa vidole. Hata mwanangu, mhasibu mzima. Mimi kwenye kiti cha magurudumu, kama kabati. Nikamwita mjukuu. Nikakohoa. Akakimbilia kwa Gundi. Sitaki kufa nikiwa kikohozi tu kichwani mwa mtoto huyu. Lazima apake rangi na mimi.

Jumapili, 4 Mei
Mbinu ya kwanza: muhuri wa kiazi. Mkwe akaninyima kisu. Eti baba, kwa mikono hiyo inayotetemeka? Nikachonga nyota kwa kijiko. Ikatoka kama kiazi. Mtoto akakipokea vizuri, akakiuma, akampelekea Gundi. Gundi akakichovya kwenye rangi upande uleule ulioumwa, akagonga karatasi: mwezi mwandamo safi kabisa. Wote wakapiga makofi. Mwezi ukabandikwa kwenye friji.

Jumanne, 6 Mei
Imenibidi kughushi. Gundi na mtoto walipolala mchana, nilichovya vidole nikachora nyumba kitoto: kuta zimepinda, jua lina miguu. Jioni nikatangaza kwamba tumechora pamoja, mimi na mjukuu, yeye zaidi. Mwanangu akaibandika juu ya mwezi wa Gundi. Mkwe akafuta machozi. Nimekula na kuongezewa.

Jumatano, 7 Mei
Nimeumbuka. Gundi alivaa miwani, akasimama mbele ya friji na kikombe chake cha chai muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha akauliza taratibu, wote wakisikia: mzee mwenzangu, mtoto huyu anayevaa nepi, nani kamfundisha mshale wa kaskazini? Nikatazama. Kweli upo, kwenye kona, na kipimo cha ramani chini yake. Nimechora ramani za viwanja maisha yangu yote; mkono umejiwekea wenyewe. Mwanangu alicheka hadi akashika ukuta. Mkwe hakucheka. Akasema, baba, si ungesema tu unataka kuchora naye. Nikajifanya nimesinzia. Gundi akasema niachwe nisinzie, ila masikio yangu yako macho.

Alhamisi, 8 Mei
Gundi ana roho nzuri, na jambo hili linanisumbua. Asubuhi alitandika magazeti kitandani kwangu, akaweka visahani vya rangi, akamkalisha mtoto miguuni pangu, akasema ana kazi jikoni. Hakuwa na kazi yoyote. Nikabana kikohozi. Kikaniponyoka. Mtoto akanikazia macho. Akakohoa na yeye. Akacheka. Nikakohoa tena, safari hii makusudi, tukawa tunapokezana. Kisha akanipanda kifuani, akachovya kiganja kizima kwenye bluu, akakigonga juu ya upara wangu. Akasema, babu. Nililia kidogo, si kitu. Nimeapa: hila basi.

Ijumaa, 9 Mei
Mtoto amerudi kwa Gundi, asubuhi wamebandika majani makavu kwenye karatasi. Haidhuru, alama yangu ninayo kichwani. Baadaye akaingia Gundi na beseni na sabuni, anataka kunifuta. Nikamwambia daktari amekataza upara wangu kuguswa na maji, ni mambo ya moyo. Akauliza daktari kaja lini. Nikasema usiku, yeye akikoroma. Akaniambia hakoromi, na kwamba atampigia daktari sasa hivi amuulize, akaenda jikoni kufuata simu yake. Nimemwahi. Nimemtumia daktari ujumbe wa simu, nikamwelekeza vizuri cha kumjibu yule bibi mkaidi. Papo hapo simu ya Gundi ikalia jikoni. Sasa anausoma ujumbe wangu kwa sauti, kituo kwa kituo, na mwanangu ameshaanza kushika ukuta.

Nitasema ameandika mtoto.