Buti la Kozi ya Saba

Jumatano, 4 Juni
Na bado nasema, buti lile halifai kukaa sebuleni! Limepauka, limekakamaa, tope limeziba hadi matundu ya kamba. Na liko moja tu! Eti kando ya picha yetu ya harusi. Mume wangu (siku ya kumi na tisa leo tangu niitwe mkewe!) anasema ni buti la kozi yao ya chuo cha jeshi. Wenzake hulitunza kwa zamu, mwaka huu ni zamu yetu, na Jumamosi tutaingia nalo kwenye karamu ya kozi. Mimi na yeye, mkono kwa mkono! Nikauliza mbona chafu. Akasema ndiyo mila, nisiliguse. Nyusi zikapanda. Jamani, nyusi zile!

Alhamisi, 5 Juni
Mke wa Meja (Meja ndiye mkubwa wa kozi ya mume wangu) kapiga simu. Ndiye kiranja wa wake wote wa kozi. Akanifahamisha kuwa bibi harusi hukaa meza ya nyuma, hutabasamu, basi. Nikaitikia sawa dada, asante dada. Nyuma? Mimi? Atanitambua! Mume wangu ataingia na buti linalong'aa kushinda hereni za dada huyo. Nimenunua rangi nyeusi ya viatu. Makopo mawili.

Ijumaa, 6 Juni
Mume kazini. Maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, asubuhi nzima ya jasho na nyimbo. Buti limekuwa kioo!

Jioni. Mume karudi. Kaliona. Kakaa chini sakafuni na kofia yake kichwani. Kwa sauti ndogo akaeleza kwamba lile tope ni la mbio zao za mwisho za mafunzo, lina miaka minane, na watu thelathini na mmoja wameapa lisiguswe. Mwenye zamu akiliharibu, jina lake linafutwa kwenye kitabu cha kozi. Wale ni ndugu zake kuliko ndugu. Akauliza tope liko wapi. Nikaonyesha sinki.

Tukapaka tope jipya la bustanini. Likateleza kama yai kwenye kikaango. Nimeling'arisha mno! Nikalia. Akanifuta machozi kwa vidole vya matope. Nampenda mpaka basi.

Jumamosi, 7 Juni
USHINDI!

Tuliingia na buti. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Mke wa Meja mkono mdomoni. Meja akaagiza kitabu na kalamu. Mume wangu kasimama wima. Moyo wangu vipande.

Mlangoni alikuwepo Sajini Meja mstaafu, mkufunzi wao. Kila mwaka hualikwa, hupiga saluti, hukataa kuketi, huondoka. Leo akaja na mkongojo wake mpaka mbele. Akalichukua buti. Akajitazama ndani yake. Akauliza nani kafanya hivi. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Kumbe buti ni lake! Mume wangu na wenzake walilificha kwa utani siku ya mbio za mwisho, likarudi na tope. Akalitupa mbele yao, akaapa hatakula nao meza moja mpaka lisafishwe. Wao wakadhani wamezawadiwa. Akawaambia, "Nyie vijana hamjawahi kusikiliza amri mpaka mwisho." Miaka minane anasubiri mlangoni!

Akaketi. Katikati yetu! Akala sahani mbili, akaniita mwanangu. Watu wazima wakalia, Meja akiwa wa kwanza. Kitabu kikafunguliwa: jina la mume wangu liko palepale, na langu likaandikwa chini yake. Mke wa Meja akaja kuniuliza, mdogo wangu, nilitumia rangi gani. Nikatabasamu, kama alivyoniagiza.

Jumapili, 8 Juni
Mume wangu kasema kwa upole kwamba siku nyingine niulize kwanza, mila za watu si za kuchezea. Nimekubali kwa moyo wote. Nyusi zile!

Ila Sajini Meja alininong'oneza kuhusu kengele ya shaba pale langoni chuoni. Imeota ukijani, haijaguswa tangu chuo kifunguliwe. Mila, eti. Maskini kengele! Na mimi nina kopo zima la rangi nyeusi halijafunguliwa. Nimeshamwandikia: baba, mwezi huu hauishi, tunakuja kukuona. Tafadhali tuazimie ngazi.