Rada Imepita Mlango Wangu

Jumatatu, 3 Novemba
Yaretzi, tangu Pasaka hujakanyaga hapa! Mimi bibi yako, au ufagio nyuma ya mlango? Daftari hili utalisoma ukija. Ukija! Maana herufi ulinifundisha mwenyewe, ukiwa na pengo la meno ya mbele.

Leo umefika mtaani. Koti jeupe, kisanduku mkononi. Ukaingia wapi? Kwa jirani Eduviges! Mimi ukanipungia mkono tu, ukakimbilia basi. Jioni Eduviges yuko kwenye kinu cha mahindi, anatangaza. Eti sukari yake inapimwa kwa rada, bila sindano, anaweka mkono juu ya kisanduku basi. Rada! Kama ile ya trafiki! Mwanamke asiyeweza kutembea hadi kanisani bila kupumzika mara tatu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekuvizia mlangoni kwake. Nikasema nami uniandike. Ukasema, Bibi, wewe huna sukari, kisanduku tunakijaribu kwa wenye sukari. Eduviges akachekelea, eti kila mtu na bahati yake. Bahati!

Haya. Sukari inaletwa na mshtuko, nani mji wetu wa Puebla mzima asiyejua? Yeye ilimwanza siku mbuzi alipomwangukia kutoka darini. Basi nami nitashtuka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwomba Fulgencio, mtengeneza fataki, alipue moja nyuma ya jiko langu bila kuniambia lini. Asubuhi nzima kimya. Nikachoka kungoja, nikaenda kuoga. Pwaaa! Mama yangu! Nimetoka na khanga na sabuni masikioni, bata mzinga yuko juu ya paa. Mshtuko safi!

Nani wa kwanza kufika? Eduviges, na boflo mkononi. Si ndiyo dawa, mkate hunyonya mshtuko wote? Nikabana meno. Akanibana pua. Meza, mwanamke, usije ukapata sukari! Nimemeza. Mshtuko wangu wote umekwenda na mkate. Halafu akanifuta sabuni, akalia kidogo. Mchawi yule.

Ijumaa, 7 Novemba
Umerudi. Nimekalia kiti cha Eduviges kabla yake, nikatandaza mkono juu ya kisanduku. Kumbe na sindano ipo! Kila mara unamtoboa kidole, ulinganishe, maana kisanduku bado kinajifunza. Hilo kinuni hakulitangaza! Mimi pia ukanitoboa. Kisanduku kikasema sina, sindano ikasema sina. Ukacheka hadi miwani ikaanguka. Ukasema mshtuko hauleti sukari. Ukasema kwa Eduviges unakwenda kazini, kwangu unakuja nyumbani.

Tukaja kwangu, ukala mole, mchuzi wangu wa nyama na pilipili, sahani mbili. (Bata mzinga alishuka, hadi sufuriani.) Ukalala usingizi kwenye kiti changu, mdomo wazi kama zamani. Nimekufunika. Wivu umekwisha kabisa.

Jumapili, 9 Novemba
Eduviges kaja baada ya misa. Eti umemwachia kisanduku hadi wiki ijayo! Amekiweka kwenye meza ya watakatifu, pembeni ya Bikira Maria, na amekiwashia mshumaa. Damu imenichemka. Hata herufi hizi zinacheza. Na hasira nayo huleta sukari, muulize yeyote. Sasa ninayo, hakika!

Ukija tena, anzia mlango wangu. Njoo na kisanduku. Na njiani mtu yeyote akikupa boflo uniletee, mpe mbwa.