Hundi ya Fundi Yenye Jina Langu

Ijumaa, 3 Machi
Mkuu wa shule amesafiri. Kama kawaida yake, ameacha hundi mbili zilizokwisha kutiwa sahihi: moja ya fundi seremala aliyetutengenezea madawati, nyingine ya akiba. Ameniachia mimi! Si mhasibu mwenzangu, Bibi Stakabadhi, anayedai risiti hata ya maji ya kunywa.

Kabla ya kuandika ya fundi nilitaka kuona jina langu lingekaaje kwenye hundi. Nikaijaza ile ya akiba, jina langu na kiasi kilekile cha fundi, ili picha ikamilike. Likakaa vizuri sana! Kisha nikaandika ya fundi, nikaitia kwenye bahasha, nikaichana ile ya mchezo.

Jumatatu, 6 Machi
Niliyochana ndiyo ilikuwa ya fundi.

Fundi amerudi na bahasha. Anasema benki wamemuuliza kama yeye ndiye mimi. Amewajibu hapana, yeye ni wa madawati. Bibi Stakabadhi akainua miwani. Nikajitia hamnazo, nikasema nitalifuta jina langu kwa wembe. Akaniambia benki haigusi hundi iliyochezewa, hata nukta, mpaka mkuu atie sahihi pembeni. Nimpigie simu, niseme nimekosea, yaishe.

Yaishe! Na mkuu akiniuliza jina langu lilifuata nini pale?

Jioni mke wangu naye kasema mficha uchi hazai. Nimemkumbusha kwamba tuna watoto watatu.

Jumanne, 7 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hundi ina jina langu? Basi naiweka kwenye akaunti yangu, natoa fedha taslimu, nampa fundi. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyesumbuliwa. Nimeiweka. Nimemwambia fundi avute subira kidogo.

Ijumaa, 10 Machi
Fedha zimeingia. Fedha zimetoka! Benki imekata deni la pikipiki yangu, la miezi yote niliyokuwa sipokei simu zao. Kilichobaki hakinunui hata misumari.

Fundi alikuwa ananisubiri kwenye varanda ya shule, ameketi kwenye dawati alilolitengeneza mwenyewe. Hakufoka. Angefoka ningepata la kujibu. Alisema mwenye nyumba atafunga karakana yake Jumatano asipopata kodi, na vifaa vyote vimo ndani. Huku anaongea, kiganja chake kikagusa mahali penye mikwaruzo. Akatoa kipande cha msasa mfukoni, akapalainisha. Hajalipwa, na bado anawahofia watoto wa watu wasichomwe na vibanzi.

Nimeona aibu. Si ile ya kukamatwa, hiyo naijua. Hii imekaa kifuani. Wiki nzima nimelihurumia jina langu tu.

Jumatatu, 13 Machi
Mkuu amerudi. Nimemweleza yote, hata pikipiki. Nilisema nilitaka kuepusha usumbufu. Akasema kuteleza kwa kalamu ni jambo dogo, lililomuudhi ni kuficha. Nitakatwa mshahara mpaka deni liishe. Kitabu cha hundi kimehamia kwa Bibi Stakabadhi.

Ni haki. Mtu akikosea aseme, tena mapema. Nimeapa.

Jumanne, 14 Machi
Mkuu ametia sahihi hundi mpya ya fundi na kuondoka tena asubuhi, kwa siku tatu. Bibi Stakabadhi aliiacha mezani akaenda kunywa chai. Sikuigusa. Niliitazama tu. Bibi wa watu ana mwandiko mbaya jamani! Moja yake inafanana na saba. Kesho ndiyo Jumatano, na fundi akikwama kwa sababu ya tarakimu, si dhambi hiyo?

Ningeweza kumwita. Lakini angeona haya, na mimi najua haya inavyouma. Nikainyoosha ile moja kwa kalamu yangu ya bluu, polepole, kwa mapenzi. Yake ilikuwa nyeusi, lakini haionekani sana.

Fundi amekuja, akaichukua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kifua kimekuwa chepesi. Kumbe wema wa kimyakimya ni mtamu hivi! Sikumwambia mtu.

Saa nane. Namwona fundi dirishani, anaingia getini kwa haraka, bahasha mkononi. Mtu muungwana. Bila shaka amerudi kushukuru.