Muuguzi Aliyeikataa Mbili Yangu

Kwa Msimamizi wa Wauguzi,
Wodi ya Wanaume, ghorofa ya pili.

Mheshimiwa Mama Msimamizi,

Kuhusu: muuguzi wako mrefu anayevaa saa ya kiume

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na wodi yako mu wazima, ukiwaacha wagonjwa, ambao wamo humo kwa sababu zao. Mimi ndiye yule fundi cherehani wa kitanda cha dirishani, niliyetolewa maji tumboni Jumanne, lita tano na nusu, kwa ajili ya hili ini langu lililoamua kustaafu kabla yangu. Kazi ilifanyika vizuri. Daktari ana mkono mwepesi, na angekuwa fundi dukani kwangu ningempa mashati ya hariri ayashone. Sina ugomvi na sindano wala na ndoo. Ugomvi wangu ni na huyo muuguzi, na naomba ahamishiwe mahali asipoonana na watu, kwa mfano stoo ya mashuka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila baada ya muda alikuja kuniuliza maumivu yangu ni namba ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Nikamjibu mbili. Mama Msimamizi, mbili ni jibu la mtu mwenye adabu. Sifuri ni majivuno, na tatu ni kudeka. Yeye akanitazama nilivyong'ang'ania ukingo wa kitanda, akasema, "Baba, mbili gani hii inayokutoa jasho?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akaanza kukohoa.

2. Ni vyema ujue jinsi sisi mafundi tunavyofanya kazi. Mteja akija amenenepa, fundi humpima kiuno inchi arobaini na mbili, hutamka thelathini na nane ili wenzake wasikie, halafu huandika arobaini na mbili daftarini. Mteja anaondoka na furaha, na suruali inamtosha. Huo si uongo, ni heshima ya kazi. Nimetamka hivyo miaka thelathini na moja na ulimi umeshazoea. Sasa huyo muuguzi akamuuliza mke wangu, ambaye ndiye mshika daftari langu, naye bila haya akamjibu, "Ukisikia mbili, wewe andika sita." Siri ya kazi nzima ikamwagwa pale kando ya kitanda, ikaingizwa kwenye faili.

3. Kwa sababu ya hiyo sita nimerudi nyumbani na masharti mengi kuliko ya mganga. Nilale kwa ubavu wa pili, usio na kidonda. Nikitaka kukohoa, nikumbatie mto kwanza; nimejaribu, na nakuarifu kwamba kikohozi hakisubiri mto. Nikitaka kuinuka nigeuke kwanza, nishushe miguu, nijisukume kwa mkono taratibu, kama kabati linalohamishwa. Nakiri kwamba nikifuata hivyo haichomi sana. Lakini hilo halihusiani na malalamiko yangu.

4. Vidonge. Nilikuwa na vidonge vyangu vya mgongo vya kununua dukani, nimevihifadhi ndani ya kopo la vifungo, pamoja na vifungo. Muuguzi akamwambia binti yangu kwamba dawa za aina hiyo ni hatari kwa mtu mwenye ini kama langu, zinaweza hata kuharibu figo, na kwamba nisimeze chochote cha maumivu ila alichoandika daktari, kwa kipimo alichoandika. Binti yangu akapekua kopo baada ya kopo mpaka akavipata. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni katikati ya vifungo akalia, nami nikasimama pale, maana kumpima mtu najua, kumbembeleza sijui. Iliniuma kuliko kidonda. Hilo nalo naomba liandikwe juu ya muuguzi.

5. Suruali. Kiuno changu kimepungua inchi tano kwa siku moja. Fundi anayepunguza nguo za mtaa mzima anatembea ameshika yake kwa mkono, kwa sababu kuinama kwenye cherehani kunamshinda.

6. Alhamisi saa nne asubuhi muuguzi wako alinipigia simu, dukani kwangu, mbele ya wateja wawili. Akauliza namba. Nikasema mbili. Akasema, "Baba, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukipata homa, au ukitetemeka, usinipe namba. Njoo." Mke wangu alisikia. Tangu siku hiyo haongei nami ila kwa methali, na anayo moja tu: mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ananiambia hivyo hata akiniletea chai.

Tazama mbele kidogo, Mama Msimamizi. Leo nikisema sita, kesho mke wangu atataka kujua na hofu yangu ni ngapi. Keshokutwa binti yangu atauliza nimelala saa ngapi, na kwa nini nilikuwa nimekaa jikoni peke yangu. Wateja nao watadai viuno vyao vitamkwe vilivyo, ndoa zitavunjika, na kila baba katika mji huu atalazimika kusema anavyojisikia. Hapo ndipo muuguzi mmoja atakuwa ametufikisha.

Kwa hiyo naomba: ahamishwe, sita ifutwe kwenye faili langu kwa wino mweusi, na kipimo chenu kiishie mbili, ili watu wazima wapumzike.

Wafikishie salamu zangu daktari, mama anayepiga deki asubuhi, na yule wa kitanda cha pili, umwambie suruali aliyoniagiza pale wodini itakuwa tayari nikiweza tu kuinama, na kiuno chake ni thelathini na mbili.

Ni mimi, mwenye afya tele na subira ndogo,
Fundi wa kitanda cha dirishani

Nyongeza: Hayo ya juu niliyaandika jana. Haya nayaandika nimesimama, kwa sababu kukaa kumenishinda. Natetemeka tangu alfajiri, na tumbo linauma hata likiguswa na shati. Mke wangu ametoka kutafuta gari, na leo hakunipa methali. Nadhani ni tisa, na sijaipunguza. Naogopa, Mama Msimamizi, naogopa sana. Barua nakuja nayo mwenyewe, na kama huna nafasi ya kuisoma yote, anza hapa. Yule muuguzi asihamishwe. Na kama leo si zamu yake, tafadhali, mwite.